Ufunguo wa Rusumo Uko Mfukoni mwa Nani?

Tangu Tanzania na Burundi zianze kazi ya reli ya kisasa (SGR) kutoka Uvinza kwenda Musongati, mazungumzo kuhusu Rusumo, kivuko cha mpakani kati ya Tanzania na Rwanda, yamechukua sura ya matanga. Wachambuzi wanatukumbusha kwamba Januari 2018 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walikubaliana, wakiwa Dar es Salaam, kujenga reli ya Isaka hadi Kigali, ambayo ingevuka Mto Kagera hapo hapo Rusumo. Miaka imekatika, treni haijaonekana, na sasa chuma kinaelekea kwa jirani mwingine. Hitimisho lao ni kwamba Rusumo imepitwa, na miji miwili inayotazamana mtoni pale, mmoja wa Wilaya ya Ngara na mwingine wa Wilaya ya Kirehe, itabaki kuwauzia chipsi na vocha madereva wa malori. Nadhani wanalia msiba usiokuwepo, na ugonjwa wenyewe wameupa kisogo.

Rusumo haikwami kwa kukosa chuma wala zege, angalau si tangu 2014. Inakwama kwa sababu ni mlango wenye makomeo mawili, kila komeo lina mwenyewe, na hakuna maandishi yenye meno yanayomlazimisha yeyote kati ya hao wawili kusema anafunga kwa nini, kwa muda gani, na nani aachwe apite. Tangu enzi za mitumbwi, habari ya kivuko hiki ni habari ya nani ana ufunguo. Ukitandaza reli juu ya hali hiyo unapata foleni ndefu zaidi, tena yenye riba ya mkopo ndani yake.

Tuanze na kwa nini watu wanavuka hapo na si kwingine. Sehemu kubwa ya Kagera mpakani ni mto wa mabwawa na mafunjo, umetanda, ukingo wake haueleweki. Rusumo ni tofauti: muda mfupi baada ya kupokea maji ya Ruvubu kutoka Burundi, mto unabanwa na miamba, unaingia kwenye korongo na kuporomoka. Jina lenyewe linaeleza, maana isumo kwa Kinyarwanda ni maporomoko ya maji. Miji ya pande zote mbili imebeba jina hilo hilo, na Mhangaza wa Ngara na Mnyarwanda wa Kirehe husikilizana vizuri tu kila mmoja akisema lugha ya mama yake. Lakini hatua chache za daraja zinabadilisha mambo mawili ambayo mgeni huyaona mara moja. Magari yanahama upande: Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Na saa inarudi nyuma, kwa sababu Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Nilipovuka kwa basi, saa yangu ilisema saa nne na robo. Ofisa wa Tanzania aligonga muhuri, nikasogea dirisha la pili chini ya paa lile lile, na saa ya ukutani nyuma ya ofisa wa Rwanda ikasema saa tatu na robo. Hakuna aliyekuwa amekosea.

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapo na msafara uliokuwa umetoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia, akaenda kumwona Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Kigeli Rwabugiri. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawatimua Wajerumani Rwanda. Kisha kikaja kisa ambacho ningependa waombolezaji wa SGR wakisome mara mbili. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikaa mezani kugawana zilichokiteka, Milner akiwakilisha Uingereza na Orts Ubelgiji, na Waingereza wakadai Gisaka, eneo la mashariki mwa Rwanda lililo ng'ambo tu ya maporomoko. Hawakuitaka Gisaka kwa ng'ombe wake wala kwa migomba yake. Waliitaka kwa sababu ramani ya ndoto yao ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo ilipita huko. Watu wa Gisaka wakajikuta ni raia wa himaya nyingine bila kuhama nyumba zao. Mwami Musinga akalalamika, wamisionari wakapiga kelele, na kufikia 1924 eneo lile likawa limerudishwa Rwanda. Reli haikuja. Kwa hiyo wanaoingoja treni Rusumo leo si wa kwanza. Wana watangulizi wa miaka mia moja, na hao watangulizi waliwahi hata kuhamisha mpaka kwa ajili yake.

Daraja la magari lililodumu likaja 1972. Lilikuwa la njia moja, lori zito likipita moja moja huku mengine yakisubiri zamu, lakini kwa Rwanda lilikuwa na thamani isiyopimika kwa mita. Nchi isiyo na bahari, iliyokuwa ikitegemea njia ya Mombasa kupitia Uganda, ilikuwa imepata mlango wa pili wakati Uganda ya Idi Amin ikiwa jirani asiyetabirika. Miaka sita baadaye mto huu huu ulitoa somo kali zaidi huko chini ya mkondo: Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilipua daraja la Kyaka ili wanajeshi wa Tanzania wasirudi ng'ambo. Kyaka ilijengwa upya na vita vikaisha, lakini kila aliyekuwa hai mkoani Kagera alijifunza kwamba daraja ni kitu ambacho mtu anaweza kuamka asubuhi akaamua lisiwepo.

Halafu 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aprili 28 na 29 mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa takriban saa 24, kwenye daraja lile la njia moja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kushuhudia wimbi kubwa na la haraka kiasi hicho. Walibeba magodoro, sufuria, watoto, baiskeli. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, waasi wa Kagame, yaliyokuwa yakisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wametoka kuua. Lundo la mapanga yaliyotupwa mpakani lilibaki kuwa ushahidi. Chini yao, kwenye maji, ilipita miili ya waliouawa, mmoja baada ya mwingine, ikielekea Ziwa Victoria, ambako wakazi wa mwambao wa Uganda waliiopoa na kuizika, na wengi wakagoma kula samaki. Mara baada ya hapo RPF ikauteka mpaka na mlango ukafungwa kutoka upande wa Rwanda. Ngara, wilaya ya wakulima wa ndizi na maharage, ikajikuta na kambi ya Benaco, iliyokuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa ule. Leo ukimtajia dereva jina Benaco atakuambia ni pa kulala na kula nyama choma. Kijana wa miaka ishirini huenda hajui kwamba pamewahi kuwa kitu kingine.

Nimekaa kwenye tukio hilo kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalotumiwa na pande zote mbili za mjadala. Anayetaka mipaka iwe wazi husema: tazameni, Tanzania iliacha geti wazi na watu robo milioni wakaokoka. Anayetaka serikali iwe na uhuru wa kufunga husema: tazameni walioingia pamoja nao, na mzigo uliobebwa na Ngara kwa zaidi ya miaka miwili. Wote wana hoja. Kisichosemwa na yeyote ni kwamba uamuzi wa kufungua upande mmoja na wa kufunga upande wa pili ulifanywa na watu tofauti, kwa saa tofauti, bila hata mstari mmoja wa makubaliano kati yao. Ikawa hivyo tena Desemba 1996, pale Tanzania na UNHCR zilipotangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wanatarajiwa kuwa wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. Kwanza maelfu walikimbilia mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, jeshi likawageuza, wakavuka Rusumo kurudi walikotoka, watu karibu nusu milioni ndani ya wiki chache. Daraja ni lile lile, upande wa kwenda ndio uliogeuka.

Mwaka 2013 ndio mwaka ninaoutaja kila ninaposikia mtu akisema miundombinu huleta undugu. Mwaka huo, mafundi wakiwa kazini wanajenga daraja jipya kwa msaada wa Japani, Rais Jakaya Kikwete aliwataka wahamiaji haramu wa mikoa ya magharibi waondoke, na maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda, baadhi wakiwa wameishi Kagera kwa miongo, wakapita kando ya mitambo ya ujenzi na vifurushi vyao. Ndugu walitenganishwa, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka huo huo tozo ya malori ya Rwanda ikapandishwa kutoka dola 152 hadi dola 500, na Rwanda ikatoza malori yetu kiasi hicho hicho. Zege lilikuwa linakauka katikati ya ugomvi.

Hata hivyo, kazi iliyofanywa isibezwe. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 80 na njia mbili, lilikamilika mwishoni mwa 2014, na Aprili 6, 2016 Magufuli na Kagame wakalizindua pamoja na kituo cha pamoja cha huduma mpakani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi akiwa rais, naye alikwenda kwa barabara, kama ilivyomfaa waziri wa ujenzi wa zamani. Utaratibu wa kituo cha pamoja ni rahisi kueleza: badala ya kusimama mara mbili, kila upande wa mto mara moja, unasimama mara moja tu katika nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wamekaa humo. Wakala wa forodha anapeleka karatasi kwenye jengo moja. Utingo halali tena siku tatu chini ya semi-treila akisubiri zamu ya kuvuka. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 1,500 kutoka Kigali, hilo si jambo dogo.

Na hapo ndipo imani potofu ilipozaliwa: kwamba sasa mlango umekuwa ukumbi. Mei 2020 ilitosha kuivunja. Corona ilipokuwa ikipanda barabara kuu pamoja na malori, Rwanda iliamua madereva wanaotoka Tanzania wasiingie ndani, wawakabidhi madereva wa Rwanda magari mpakani. Kiafya, uamuzi ulikuwa na mantiki. Kwa dereva wa Kitanzania ulikuwa na maana nyingine: nimkabidhi nani lori la tajiri, nani atalipa likiumia, na mimi nilale wapi? Wakagoma. Malori yakajipanga Rusumo kwa kilomita, Benaco ikajaa, mizigo ikachelewa, na mawaziri wakalazimika kukaa mpaka ikapatikana njia ya kusindikiza malori na kukabidhi mizigo upande wa Kirehe. Daraja la njia mbili, kituo cha pamoja, kompyuta zote, vilikuwepo, na havikusaidia kitu, kwa sababu amri ilitoka kabla ya mazungumzo.

Anayedhani Rusumo ni kisa cha pekee aende kaskazini, Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda. Huko nako kuna kituo cha pamoja. Februari 2019 Rwanda ilisimamisha malori hapo ikitaja kazi za ujenzi, kisha ugomvi wa kisiasa ukajitokeza wazi, na geti likakaa hivyo hadi Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Kabale, upande wa Uganda, walifilisika wakitazama jengo zuri lisilotumika. Na Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Ukizitazama nchi zinazoizunguka Rwanda, utaona kwamba Rusumo imepata shehena nyingi katika miaka hii kwa sababu moja ambayo hakuna anayeitangaza kwenye uzinduzi: milango mingine ilifungwa. Faida ya aina hiyo haina mizizi. Iliyokuja kwa komeo la jirani inaweza kuondoka kwa komeo letu.

Wanaopinga mtazamo huu wana hoja tatu ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza, na yenye uzito, ni kwamba kufunga mpaka ni haki ya dola, na hakuna serikali itakayosaini karatasi inayoifunga mikono siku magonjwa au silaha zikija. Nakubali. Machi 1995 Tanzania yenyewe iliwafungia mpaka wakimbizi kutoka Burundi, na waliofanya uamuzi ule hawakuwa watu wasio na huruma. Walikuwa na kambi zilizofurika. Lakini haki ya kufunga mlango haifuti wajibu wa kubisha kwa jirani kwanza. Ya pili ni ya kitaasisi: tayari tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inayoruhusu nchi kuweka vizuizi kwa sababu za usalama, afya ya jamii na sera ya umma, na kuitaka iwaarifu wenzake. Ni kweli, na ni mwanzo mzuri. Ila Gatuna ilifungwa itifaki ikiwa hai, na miaka mitatu ikapita. Taarifa isiyo na muda wa kikomo wala mtu wa kuikagua ni barua ya heshima tu.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni: reli ikifika, siasa itanyamaza, kwa sababu hakuna atakayethubutu kusimamisha treni yenye thamani ya mabilioni. Kwa nini asithubutu? Mto wenyewe umeshatujibu. Lori likizuiwa Rusumo, tajiri anaweza kulipitisha njia nyingine, kwa hasara lakini anaweza. Behewa haligeuzi kona. Kadiri mtaji unavyozamishwa ardhini ndivyo anayeshika komeo anavyopata nguvu zaidi ya kudai, kwa kuwa anajua mwenzake hana pa kukimbilia. Reli ya Tanzania na Zambia ilijengwa hasa kwa sababu Zambia, nchi isiyo na bahari, haikuweza tena kuitegemea njia ya kusini. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba njia ile ya kusini ilikuwa salama kwa vile ilikuwa ya reli.

Mfano wa kinachowezekana upo hapo hapo, kando ya daraja. Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo unazalisha megawati 80. Hakuna nchi inayoumiliki peke yake: kampuni inayouendesha ni ya Burundi, Rwanda na Tanzania kwa hisa sawa, na umeme unagawanywa sawa, takriban megawati 27 kwa kila nchi. Burundi na Rwanda zimekuwa hazielewani, mpaka kati yao umefungwa, lakini maji yale yale yanazungusha mitambo ile ile na kila mmoja anapata fungu lake. Wahandisi na wanasheria wa mradi ule walikaa miaka wakiandika nani anapata nini, nani analipa nini, na wakikosana waende wapi. Daraja lililo jirani, linalobeba chakula, mafuta na dawa za nchi nzima, halijapata karatasi ya namna hiyo. Inanishangaza kwamba tumekuwa makini zaidi na elektroni kuliko na mtu anayevuka na tenga la nyanya.

Karatasi hiyo haihitaji kuwa ndefu. Iseme kwamba upande unaotaka kufunga utatoa taarifa ya maandishi yenye sababu, tuseme saa 72 kabla, na kama ni dharura ya kweli, ndani ya saa 24 baada ya kufunga. Iseme kwamba shehena iliyokwisha pita mizani ya mwisho ya upande wetu, au iliyokwisha toka Kigali, itaruhusiwa kumalizia safari kwa kusindikizwa, yaani kile kile kilichokubaliwa Mei 2020 baada ya siku za kugombana, kiwe kanuni kabla ya ugomvi. Iseme kufunga kokote kunaisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, isipokuwa mawaziri wa nchi zote mbili wakutane na kusaini upya. Hapo mzigo wa kujieleza unahamia kwa anayetaka kuendelea kufunga. Kule Gatuna mzigo huo ulikuwa kwa anayeomba kufunguliwa. Na iwe na kifungu cha wenyeji: mgonjwa, mwanafunzi, mama wa gulioni mwenye kibali cha siku moja wasihesabiwe pamoja na kontena la futi arobaini. Hao ndio waliovuka kabla ya Götzen na ndio wanaoumia wa kwanza kila komeo linapogonga.

Nani atakubali kusaini? Hapa, ajabu, kuchelewa kwa reli ni nafasi. Maadamu mkataba wa fedha wa Isaka–Kigali haujafungwa, kila upande una kitu unachokitaka kwa mwenzake: Kigali inataka njia ya uhakika ya kwenda baharini, Dar es Salaam inataka shehena itakayolipa deni la reli iliyokwisha jenga. Mkopeshaji naye atauliza swali ambalo sisi tumelikwepa tangu 1972, nini kitatokea siku mpaka ukifungwa, na atataka jibu lenye sahihi mbili. Wataalamu wa nchi hizi mbili wakikutana tena, ukurasa huo uwe mezani kabla ya mchoro wa stesheni.